Afande aliyejifunza kriketi kitabuni

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 2024 mimi sikulala kabisa. Uganda ilikuwa inacheza na West Indies kule Guyana, Kombe la Dunia la kriketi ya T20, mara yetu ya kwanza kufika huko, na kwa saa za huku Jinja mechi ilianza kama saa tisa na nusu usiku, nikakaa sebuleni simu iko kwenye chaji, sauti nimeipunguza ili mzee asiamke. West Indies wakapiga mikimbio 173, yaani alama. Sisi tukapiga 39. Yaani timu nzima imetolewa kwa 39, na mrushaji wao Akeal Hosein katutoa watano peke yake. Kulipokucha ilikuwa Siku ya Mashujaa, redio zinapiga nyimbo za nchi, na kwenye simu watu wanatucheka, wengine watu wetu wenyewe wa Kampala, eti kriketi tuwaachie wenye mchezo wao.

Iliniuma sana manake siku tatu tu nyuma tulikuwa tumewafunga Papua New Guinea, wao 77 sisi 78, wiketi zetu saba zimeanguka, yaani wapigaji wetu saba wametolewa, roho ziko mkononi, na Frank Nsubuga, mtu wa miaka 43, karusha ova zake nne zote, ova moja ni mipira sita, akatoa mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili. Ile asubuhi nililia. Sasa leo watu wamesahau yote wanaikumbuka 39 peke yake.

Basi nikaanza kutafuta, nani mwingine katika dunia hii alishatolewa kwa namba ndogo namna hiyo? Ndo nikakutana na Port Elizabeth, Februari 1896, Afrika Kusini wametolewa na Uingereza kwa mikimbio 30. Thelathini! Na hiyo si T20 ya ova ishirini, ni Test, mechi kubwa ya siku kadhaa, muda wanao wa kutosha. Nikasoma majina ya wale waliokuwemo siku hiyo, nikaona kati yao kuna afisa wa jeshi la Uingereza anaitwa Robert Montagu Poore, nikajiuliza afisa wa Uingereza anafanya nini kwenye timu ya Afrika Kusini inayopigwa na Uingereza. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kufika jioni nilikuwa bado niko naye, na mpaka leo hajanitoka kichwani.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtoto wa barakisi, kambi ya jeshi. Nilizaliwa kwenye unipoti, zile nyumba za mabati za duara ambazo mchana zinachoma kama sufuria na mvua ikinyesha hamsikiani, na Kiswahili ndo lugha niliyoikuta mdomoni kwa mama yangu, sio kwa sababu sisi ni watu wa pwani, hapana, baba Mlugbara mama Msoga, wakakutania jeshini, na jeshini lugha ni Kiswahili. Kriketi niliijua hapohapo. Kijana mmoja wa sajenti jirani yetu alikuwa anasoma Busoga College Mwiri, shule ya kilimani pale yenye kriketi yake tangu zamani, akija likizo anatufundisha. Bati letu lilikuwa ubao wa mti wa ffene, yaani fenesi, mzito, wa njano, ukipiga mpira vibaya mikono inakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Mpira ni soksi imejazwa vitambaa na mchanga kidogo, juu imefungwa kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa nyembamba. Vijiti vitatu vya nyuma tulichora kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, na mpira ukigonga mkaa unabaki na alama nyeusi, kwa hiyo hakuna kubishana, umetoka, toka.

Kwa asiyejua mchezo, fupi tu: unasimama na bati mbele ya vijiti vyako vitatu, mwenzio anarusha mpira avigonge, wewe unavilinda na unapiga mpira mbali ili ukimbie upande wa pili, kila kukimbia ni mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani umepata minne bila kukimbia. Ukitoka umetoka, unakaa unatazama wenzako. Mtu akifikisha mikimbio mia watu wanasimama wanampigia makofi, na wapo wanaocheza maisha yao yote wasiione mia.

Sasa Poore. Alizaliwa Dublin mwaka 1866, akaingia jeshi Regimenti ya Wiltshire akiwa kijana, baadae akahamia askari wa farasi, 7th Hussars. Mrefu, futi 6 na inchi 4, mabega mapana. Farasi alikuwa anaijua, upanga anaujua, polo anacheza, tenisi anacheza. Lakini kriketi, na hapa ndo aliponikamata mimi, kriketi shuleni hakuicheza kwa maana. Alianza kuifuata kwa bidii alipopelekwa India, mtu mzima tayari, afisa, na aliifuata kwa kusoma vitabu. Alichukua vitabu vinavyofundisha kriketi akavisoma kama vile askari anavyosoma kitabu cha silaha, mguu unakaa wapi, kiwiko kinaelekea wapi, kichwa kiwe juu ya mpira, alafu anatoka kwenda kufanya palepale alivyosoma. Miaka ile alikuwa ADC, afisa msaidizi, wa gavana wa Madras, kwa hiyo uwanja upo na watu wa kucheza nao wapo.

Mimi hilo naliona ni jambo kubwa. Kila siku tunaambiwa mchezo ni wa kuzaliwa nao, mtoto asipoanza na miaka sita ameshachelewa, makocha wengine hata hawamtazami kijana wa kumi na nane. Huyu alianza kujifunza akiwa mtu mzima tayari, na hakuwa na kocha, alikuwa na ukurasa. Waliomwona wanasema alikuwa mpigaji wa kusukuma mbele, anatumia urefu wake kuufikia mpira kabla haujageuka, nguvu nyingi. Ile sio neema ya kuzaliwa. Ni mtu aliyerudiarudia jambo mpaka mwili ukakubali.

Kikosi chake kikahamishiwa Afrika Kusini, Natal, na akawa anachezea Natal. Mwishoni mwa 1895 ikaja timu ya Uingereza chini ya Lord Hawke, na Poore akiwa upande wa watu wa Natal akawapiga mia. Basi Afrika Kusini wakamchukua timu ya taifa. Ndiyo, afisa wa Kiingereza, yuko pale kwa sababu ya posti tu, kesho anaweza kupewa amri ya kwenda kwingine, lakini akawachezea mechi zote tatu za Test dhidi ya nchi yake mwenyewe. Nikikumbuka mabishano yetu hapa juu ya Riazat Ali Shah na Alpesh Ramjani na Dinesh Nakrani, wachezaji wetu waliozaliwa nje, kwamba eti ni Waganda kweli au si kweli, na Riazat huyohuyo ndo alitupigia 33 siku ya Papua New Guinea wakati wengine wote wanaanguka, naona mchezo huu tangu zamani umekuwa ukichukua mtu pale alipomkuta. Mimi Riazat ni wa kwetu na sitaki kusikia kingine.

Lakini zile Test zilikuwa mateso. Uingereza walikuwa na mrushaji anaitwa George Lohmann. Pale Port Elizabeth alichukua wiketi saba mzunguko wa kwanza, Afrika Kusini 93, mzunguko wa pili akachukua wiketi nane kwa mikimbio saba. Nane kwa saba, na alimaliza kwa kuangusha watatu mfululizo, mpira baada ya mpira. Wakaenda Johannesburg mwezi wa tatu, Lohmann akachukua tisa kwa 28. Wakaenda Cape Town, wakapigwa tena. Poore katika Test zote tatu alipata jumla ya mikimbio 76, wastani hata kumi na tatu haufiki, na wiketi moja ya kurusha. Ukiishia hapo kusoma utasema huyu ni mtu wa kawaida kabisa aliyepita.

Na Machi hiyohiyo ya 1896, wakati wao wako Cape Town wanacheza, Wandebele wa Zimbabwe ya leo walikuwa wameinuka kuwapinga Waingereza. Miezi michache baadae na Washona wakainuka. Kikosi cha Poore, 7th Hussars, kilipelekwa kule Matabeleland kuwazima, na yeye alikuwemo. Waliokamatwa baadae na kunyongwa mwaka 1898 ni pamoja na Mbuya Nehanda, ambaye leo mtoto wa shule Zimbabwe anamjua kabla ya kujua kusoma. Hili siwezi kuliruka. Nimesoma maandishi mengi ya wapenda kriketi juu ya Poore na hapa wanapita kama mtu anavyopita kwenye dimbwi, neno moja "alipigana Matabeleland" kisha tunarudi kwenye mikimbio. Mimi siwezi kupita hivyo kwa sababu miaka hiyohiyo maafisa wa namna yake walikuwa hapa kwetu.

Mtu wa Jinja anamjua mmoja hata kama hajui kwamba anamjua. Maporomoko ya Owen, ambayo yalizama bwawa la umeme lilipojengwa, lile lililofunguliwa mwaka 1954 na leo tunaliita Nalubaale, yaliitwa kwa jina la Meja Roddy Owen. Huyo alikuwa mwanamichezo hasa, mpanda farasi wa mashindano, alishinda Grand National ya mwaka 1892 kwa farasi anaitwa Father O'Flynn, mbio kubwa kuliko zote za kuruka vizuizi Uingereza. Mwaka uliofuata keshafika huku, yuko kwenye vita vya Bunyoro dhidi ya Omukama, yaani mfalme wa huko, Kabalega. Mwaka 1896 kipindupindu kikamuua akiwa na jeshi Sudan. Nimevuka lile daraja maelfu ya mara, kwa matatu, kwa boda, kwa miguu nikiwa mtoto nimeshikwa mkono, na kila mara nilikuwa navuka jina la mcheza farasi.

Basi hawa watu walikuwa ni walewale. Wanatoka kwenye mashindano wanaingia vitani wanarudi kwenye mashindano, na vita vyenyewe ndo vile vilivyotufanya sisi tuwe tulivyo.

Sasa njoo mwaka 1899, manake huo ndo mwaka wa Poore.

Alikuwa karudi Uingereza, anachezea Hampshire, timu ya jimbo moja la huko, na alianza kucheza mwezi wa sita. Ndani ya wiki mbili hivi alifanya mambo ambayo nikimsimulia mzee wangu aliniambia nirudie. Alikuwa kwenye timu ya kikosi chake iliyoshinda kombe la polo la majeshi. Akashinda kwenye mashindano makubwa ya kijeshi ya silaha, upanga na mkuki na vinginevyo, akatangazwa bingwa wao. Na mara tatu mfululizo akafikisha mia: 104 na 119 katika mechi moja dhidi ya Somerset pale Portsmouth, kisha 111 dhidi ya Lancashire. Kutoka tarehe 12 Juni mpaka 12 Agosti aliipigia Hampshire mikimbio 1,399 katika mara 16 tu alizoingia uwanjani. Ukichukua mechi zake zote za msimu ule wastani wake ni 91.23, na mara saba alifikisha mia. Kwa wasiozoea, leo hii mtu mwenye wastani wa 50 tunamwita mkubwa, na viwanja vya enzi ile vilikuwa vibovu, mpira unaruka unavyotaka, hakuna helmeti.

Alafu Taunton, mwezi wa saba, Somerset tena. Hii mechi ningelipa chochote niione. Hampshire wamepoteza wiketi tano, Meja Poore anajikuta uwanjani pamoja na Kapteni Teddy Wynyard, mwanajeshi mwenzake. Wawili hawa walipiga pamoja mikimbio 411 kwa ile wiketi ya sita. Wynyard 225. Poore 304. Hampshire wakafunga mzunguko wao kwa 672. Zaidi ya miaka 120 imepita, Hampshire wamekuwa na wachezaji kutoka dunia nzima, na mpaka leo hakuna wawili waliowahi kuivuka hiyo 411 kwa wiketi ya sita ya timu ile. Hiyo 304 yenyewe ilikaa mpaka 1937 ndo mtu wa Hampshire akaipita.

Nawaza wale warushaji wa Somerset. Jua la mwezi wa saba, mtu mmoja futi sita na inchi nne amesimama pale, kila ukirusha anainua mguu wa kushoto anauweka mbele, tap, mpira umeenda. Unarudi kinyumenyume kwenye alama yako ya kuanzia kukimbia, unafuta jasho kwa mkono wa shati, unakimbia tena, unarusha tena, tap. Na upande wa pili akibadilika anakuja Wynyard naye ni yuleyule tu. Huyu Wynyard naye acha niseme kidogo: alishinda FA Cup ya mwaka 1881 na Old Carthusians, akafunga na goli kwenye fainali, alipata nishani ya DSO kwa vita vya Burma, na kule Davos Uswisi aliingia kwenye ziwa la barafu kumwokoa mtu aliyezama chini ya barafu, wakampa medali. Kwa hiyo wale warushaji walikuwa hawana pa kupumulia.

Nilipokuwa nasoma hiyo tarehe, Julai 1899, kitu kilinigonga nikaweka simu chini.

Aprili 1899, miezi mitatu tu kabla ya hiyo 304, Kabalega na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walikamatwa pamoja kule Lango. Tarehe 9 Aprili. Kabalega alipigwa risasi, mkono ukakatwa. Wakapelekwa Kismayu kisha Seychelles. Kwa hiyo wakati watu wa Taunton wanapiga makofi kwa mia ya tatu, Omukama alikuwa mateka, jeraha lake hata mwaka halijamaliza. Mwanga alifia Seychelles mwaka 1903. Kabalega alikaa huko mpaka 1923, wakamruhusu kurudi, akafika hapa Jinja, akaugua, akafa tarehe 6 Aprili, Bunyoro hajaiona. Kile kilima alichofia kinaitwa Mpumudde, nimepumzika. Ni kilomita chache kutoka ninapoandika hapa. Watoto wanachezea pale.

Poore hakuwa Uganda na hakumgusa Kabalega, sisemi hivyo. Nasema tu mimi siwezi kuisoma 304 bila kuona ule mwaka wote, na bado naipenda ile 304, na naomba msinilazimishe kuchagua.

Oktoba ya mwaka huohuo vita vya Makaburu vikaanza Afrika Kusini. Msimu wake mkubwa ulikuwa umekwisha kabla hata majani hayajadondoka, na hakupata tena msimu mwingine wa hivyo. Aliitwa, akaenda, na kule akawekwa kuwa provost marshal wa jeshi, yaani kwa lugha ya barakisi, mkuu wa MP wote, polisi wa jeshi. Kila mtoto wa askari anajua MP ni nani. Wale wenye kofia nyekundu ambao baba yako akiwaona kwa mbali anaangalia vifungo vyake, anayekamata askari mwenzake. Hiyo ndo kazi aliyopewa, nidhamu ya askari, wafungwa, mahakama za kijeshi, vita ambavyo mashamba ya watu yalichomwa na wanawake na watoto wa Makaburu na Waafrika wakafungiwa kambini wakafa kwa maelfu. Alipata DSO. Nyumbani Hampshire, maafisa wao wakiwa wameenda vitani, mwaka 1900 walimaliza mkiani mwa ligi.

Aliporudi alicheza mechi chachechache, mara ya mwisho kwa Hampshire ilikuwa 1906, akaenda tena India, akapanda mpaka brigedia jenerali, akastaafu, na alifariki karibu na Bournemouth mwaka 1938. Alikuwa kaoa familia kubwa kabisa, Lady Flora, dada yake Duke wa Hamilton. Rekodi yake ya Hampshire ilivunjwa yeye akiwa hai, mwaka mmoja kabla hajafa, na ilivunjiwa hapohapo Bournemouth.

Hii habari yote nilimsimulia mzee wangu jioni moja nje, anakula muhogo wa kuchemsha na chai, miguu kaiweka kwenye kiti kingine manake inamvimba. Alistaafu zamani, sajenti. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataniuliza habari za vita, au hiyo 304.

Akaniuliza, "Pasi alipewa na nani?"

Nikamwambia, "Pasi gani, Baba?"

"Miezi miwili mtu anacheza. Juni, Julai, mpaka Agosti. Pasi alipewa na nani?"

Nikamwambia alikuwa afisa, Baba, na afisa wa tabaka lile jeshi lao lilikuwa linaona fahari akicheza, kama vile anafanya kazi. Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa analitegemea. Alafu ndo akaniambia jambo ambalo miaka yote hii hakuwahi kuniambia. Kwamba yeye alikuwa anakimbia mita 800. Nilijua alikuwa anakimbia, kila askari anakimbia, lakini hii ilikuwa kukimbia kwa maana, aliitwa kwenye mchujo Kampala, jina lake limeandikwa, kapewa na viatu vya misumari na mwenzake aliyekuwa ameacha. Akaomba pasi, karatasi ya ruhusa, ya siku nne. Ile karatasi ilikaa mezani kwa mkubwa wake mmoja mpaka mchujo ukaisha. Hakuna aliyemwambia hapana. Ilikaa tu mezani. Vile viatu alimrudishia mwenyewe.

"Na farasi zake," akasema tena baada ya muda, "wakati yeye yuko uwanjani, lazima kulikuwa na mtu anazisugua."

Nikasema lazima.

"Huyo ndo angekuwa mimi."

Jumamosi iliyopita nilienda naye Mpumudde, nina vijana pale tisa kumi hivi ninaocheza nao asubuhi, mmoja ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi ya kuchomelea vyuma, ndo kwanza ameanza kushika bati na anaona haya kwa sababu wadogo wanampita. Nilimpelekea karatasi nilizozichapisha, michoro ya mguu na kiwiko. Alizishika kwa ncha za vidole asizichafue. Anasimama vibaya, uzito wote nyuma, nimemwambia mara ishirini. Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe anatazama, akanyanyuka na fimbo yake akamwendea. Akamwambia, "Wee, njoo. Umewahi kuona askari akiwa na singe mbele? Mguu wa kushoto. Goti likunje. Sio kuogopa, unaenda wewe, usisubiri ikufuate." Akaushika ule mguu kwa mkono wake mwenyewe, kainama mzee wa watu, akauvuta mbele akaubandika kwenye vumbi, akauchorea mstari kwa fimbo.

Alafu akageukia kwangu akasema rusha. Nikarusha. Kijana mguu ukaenda kwenye mstari, bati likashuka limenyooka, mpira ukanipita pembeni chinichini kuelekea bondeni, na watoto wote wakaufuata mbio na mzee anapiga kelele nyuma yao, "Kimbieni! Kimbieni!"